Mstari, Mnyoo na Doa: Sura ya Alama Haitoshi

Funika kamera ya simu kwa tepu nyeusi ya umeme, ilaze kifudifudi mezani, iache ipige picha za giza usiku kucha. Iwe Sinza, Mbagala au Kigamboni, asubuhi utakuta picha chache zenye alama nyeupe: nyingine doa la pikseli mbili tatu, nyingine mkunjo kama uzi ulioanguka sakafuni, na mara mojamoja mstari ulionyooka. Baadhi ya programu za sayansi ya umma, ambamo raia wa kawaida hukusanya data, huzipokea alama hizo, huziita zote miale ya kosmiki (chembe zitokanazo na anga za mbali), kisha humwongezea mwenye simu pointi kwenye orodha ya vinara.

Jina hilo linatolewa mapema mno. Picha moja, hata iwe safi namna gani, haitoshi kutaja chembe iliyopita. Kinachoitaja ni mwenendo wa alama za aina hiyo simu inapohamishwa, inapopata joto, na hesabu inapofika mamia. Vikundi vya wanafunzi na wapenda sayansi vinavyoanza kazi hii Dar es Salaam vina nafasi ya kuijenga vizuri tangu mwanzo, na itakuwa hasara kubwa vikiishia kukusanya picha nzuri zisizothibitisha kitu.

Makundi yanayotumika yanaeleweka haraka. Mradi wa DECO wa Chuo Kikuu cha Wisconsin, Madison, uliyagawa matukio halisi katika mistari, minyoo na madoa, na kando yake uliweka kelele za kamera. Kwa kawaida mstari huhusishwa na myuoni, chembe nzito mara 207 kuliko elektroni, inayozaliwa kilomita nyingi juu yetu pale protoni za angani zinapoligonga anga hewa. Mnyoo huhusishwa na elektroni iliyogongwa na mwale wa gama (mwanga usioonekana wenye nishati kubwa) kutoka kwenye kuta na udongo. Doa laweza kuwa alfa (kiini cha heliamu kinachorushwa na atomu zenye mionzi), elektroni dhaifu, au myuoni iliyoshuka wima. Angalia hapo: doa moja, watuhumiwa watatu. Mstari nao hauna usafi tunaoudhania, na hapa jiometri inasaidia kuliko macho.

Usawa wa bahari, kila sentimita ya mraba iliyolala hupitiwa na myuoni moja hivi kwa dakika. Kihisi cha simu (kipande cha silikoni kinachonasa mwanga) chenye upana wa milimita 6 kwa 4.5 kina eneo la sentimita za mraba 0.27, kwa hiyo hupitiwa na myuoni 16 kwa saa, au 130 hivi kwa usiku wa saa nane. Hicho ni kikomo cha juu. Simu hupoteza muda kati ya fremu na fremu, na alama hafifu hazivuki kizingiti cha programu. Simu ikiripoti matukio 900 kwa usiku mmoja, yaliyo mengi si myuoni, na hakuna haja ya kufungua hata picha moja ili kulijua hilo.

Sasa urefu. Chembe inayopita kwenye tabaka la silikoni linalonasa chaji huacha mstari wenye urefu unaolingana na unene wa tabaka ukizidishwa kwa tanjenti ya pembe kutoka wima. Watafiti wa DECO waliwahi kupima unene huo kwenye simu ya HTC Wildfire S kwa kutumia miale yenyewe, wakapata mikromita 26 hivi. Vihisi vingine vina tabaka la mikromita chache tu. Myuoni huja kwa wingi kutoka juu na hupungua kuelekea upeo wa macho kwa kufuata takriban mraba wa kosaini. Ukikokotoa kwa kihisi kilicholala, sehemu ya myuoni zinazopita kwa pembe kubwa kuliko kiwango fulani ni kosaini ya pembe hiyo kwa kipeo cha nne: zaidi ya nyuzi 45 ni robo, zaidi ya nyuzi 60 ni moja kati ya 16, zaidi ya nyuzi 80 ni moja kati ya 1,100.

Chukua mstari wa pikseli 100, kila pikseli mikromita 1. Kwenye tabaka la mikromita 26, chembe ilipita kwa nyuzi 75 hivi, na ni myuoni moja kati ya 250 inayofikia hapo. Kwa myuoni 16 za saa moja, mstari kama huo utatokea mara moja kwa saa 15, karibu kila baada ya usiku mbili. Kwenye tabaka la mikromita 3, mstari uleule unadai nyuzi zaidi ya 88, na hesabu inashuka hadi takriban moja kati ya milioni. Simu hiyo ingesubiri zaidi ya miaka minane. Kanuni ya kosaini hulegea karibu na upeo wa macho, kwa hiyo tarakimu hizo zichukuliwe kama ukubwa wa jambo tu, lakini ukubwa huo unatosha. Picha ni ileile na mstari ni uleule, ila kwenye simu moja ni jambo la kawaida na kwenye nyingine ni la kutiliwa shaka mpaka lielezwe. Asiyejua unene wa kihisi chake hana msingi wa kusema.

Mkao wa simu nao hubadilisha yote. Simu iliyosimamishwa wima hupitiwa na karibu nusu ya myuoni zile, lakini nyingi zinakuja karibu sambamba na uso wa kihisi, hivyo mistari mirefu huongezeka. Mtu aliyeiegemeza simu ukutani na aliyeilaza mezani hawawezi kuchanganya takwimu zao bila kuandika nani alifanya nini. Kwa maoni yetu, mkao ndio jambo linalosahaulika kuliko yote, na ndilo rahisi kuliko yote kuliandika.

Unyoofu wenyewe una mipaka. Elektroni yenye nishati ya elektronivolti milioni moja (elektronivolti ni kipimo cha nishati ya chembe), ambayo gama za kawaida za ardhini zinaweza kuizalisha, ikisafiri mikromita 50 ndani ya silikoni hupinda kwa nyuzi 10 hivi. Ikisafiri 20 tu hupinda nyuzi sita, na kwenye mstari wa pikseli 20 wenye upana wa pikseli mbili mpindo huo hauonekani. Elektroni ya nishati ndogo zaidi, ya elektronivolti 200,000, hupinda zaidi ya nyuzi 20 katika umbali uohuo, nayo ndiyo inayochora mnyoo unaotambulika. Kwa hiyo mnyoo wa wazi ni ushahidi mzuri wa elektroni, lakini mstari mfupi ulionyooka haumwondoi mtuhumiwa yeyote. Tunapendekeza mstari chini ya pikseli 30 usihesabiwe kama myuoni kwa sura yake pekee.

Mng'ao nao unapotosha kuliko vyote, kwa sababu jicho hudhani kilicho kikali kimetoka mbali kwa kishindo. Myuoni ikishuka wima kwenye mikromita 3 za silikoni huachilia elektroni 200 hivi, pengine zaidi kidogo, doa hafifu ambalo programu nyingi hulitupa. Alfa yenye elektronivolti milioni 5.5 ikipita unene huohuo huachilia zaidi ya elektroni 100,000, pikseli inafurika na majirani zake wanang'aa. Lakini alfa ya namna hiyo husafiri sentimita nne tu hewani na haivuki kioo cha kamera. Ikionekana kwenye picha, imetoka ndani ya kamera yenyewe, kwenye chembechembe za urani na thori zilizobaki katika kioo au kauri ya kihisi. Doa linalong'aa kuliko yote usiku ule ndilo lililotoka karibu kuliko yote.

Kuna alama ambazo hazikuletwa na chembe yoyote, na Dar es Salaam ina mazingira ya kuzizidisha. Mkondo wa giza, yaani umeme mdogo unaotiririka katika silikoni hata bila mwanga, huongezeka maradufu kwa kila nyuzi joto 6 hadi 8. Simu iliyoko chajini kwenye chumba chenye nyuzi 31, chini ya mto au karibu na ukuta uliopigwa na jua mchana kutwa, hufika nyuzi 40 bila shida. Ukilinganisha na nyuzi 25, kelele imeongezeka mara nne au zaidi. Pikseli mbovu zilizokuwa zimelala zinaamka. Baadhi huwaka na kuzima bila mpangilio, na hizo ndizo hatari, maana hazionekani kwenye kila fremu na hujifanya tukio.

Dawa yake ni subira ya nusu saa. Acha simu ifikie joto lake la kazi, kisha piga fremu 500 za giza kabla ya kuanza kuhesabu, na kila pikseli iliyowaka mara mbili au zaidi ifungiwe. Kanuni hiyo si ukali wa bure. Kihisi cha pikseli milioni 12 kikipata matukio 130 yenye wastani wa pikseli tano, uwezekano wa matukio mawili halisi kuigusa pikseli ileile ni mdogo mno: ungetokea chini ya mara moja kwa usiku 50. Pikseli inayojirudia ni kosa la kamera, basi. Andika pia joto la betri kila dakika kumi. Idadi ya matukio ikipanda pamoja na joto, unachopima ni joto. Myuoni hazijali kama feni imewashwa.

Chaja za bei nafuu huleta ugonjwa mwingine, michirizi inayofuata safu au nguzo ya pikseli kwa usahihi kamili. Chembe haijui gridi ya kihisi imelala upande gani. Kama mielekeo imesambaa sawasawa, ni mistari asilimia 2 hivi tu itakayoangukia ndani ya nyuzi moja ya safu au nguzo. Ukikuta mistari mitano kati ya 20 imelala sawa na ukingo wa picha, chomoa chaja na urudie kwa betri pekee. Mwanga unaovuja nao hupimwa kirahisi: mulika tochi pande zote za simu iliyofunikwa huku ikipiga fremu 100, kisha linganisha na fremu 100 za chumba chenye giza. Tepu ya tabaka moja mara nyingi haitoshi, hasa ukingoni ambako jasho na vumbi huifanya ijikunje. Weka mbili, na mfuko mweusi juu yake.

Ubanaji wa picha ni suala zito zaidi. Mfumo wa JPEG hukata picha katika vipande vya pikseli 8 kwa 8, na alama moja kali huchora kivuli cha miraba ndani ya kipande chake. Kabla ya hapo, simu imeshakisia rangi kwa kuchanganya pikseli jirani, kwa hiyo pikseli moja mbovu hutoka ikiwa msalaba au ua la pikseli tisa, na kichujio cha kelele kimeshalainisha kingo. Mnyoo mfupi na doa vikipita kwenye mashine hiyo hutoka vikifanana kama pacha. Simu inayoweza kuhifadhi picha ghafi za DNG itumike hivyo, hata kama kumbukumbu inajaa. Mtu afute fremu tupu na ahifadhi zenye alama.

Hapa ndipo tunapotofautiana na utaratibu wa miradi mingi. Mradi wa CREDO, uliozaliwa mwaka 2016 kwenye Taasisi ya Fizikia ya Nyuklia ya Kraków, Poland, umefanya kazi ya thamani kwa kuifungua programu yake kwa dunia nzima, na hufanya kazi na vipande vidogo vya picha vilivyokatwa kuizunguka alama. Kwa intaneti ya gharama, hilo lina mantiki. Lakini kipande kikitazamwa peke yake, bila kumbukumbu za kamera, mtazamaji hawezi kujua kama alama imeangukia mpaka wa kipande cha JPEG, kama pikseli ileile iliwaka saa mbili kabla, kama alama nyingine 40 zilikuwa kwenye fremu hiyohiyo, kama simu ilikuwa na nyuzi 28 au 43. Kumwuliza mtu wa kujitolea akitaje kitu hicho ni kumwomba hakimu ahukumu kwa picha ya mshtakiwa. Kikundi cha hapa kiwe na utaratibu wake wa kuhifadhi fremu nzima, nafasi ya pikseli, muda, joto na mkao, hata kama kinachopakiwa mtandaoni ni kipande tu.

Wapangaji, yaani wanaozigawa alama katika makundi, nao wapimwe. Mradi wa Higgs Hunters, ulioanza mwaka 2014 kwenye jukwaa la Zooniverse, uliwaomba watu wa kawaida watafute mistari inayochipuka mbali na kitovu cha mgongano katika picha za ATLAS, kigunduzi cha chembe cha maabara ya CERN, na kati ya picha halisi zilichanganywa za kuigiza ambazo jibu lake linajulikana. Mbinu hiyo haigharimu kitu. Chomeka picha moja ya majaribio katika kila kumi, bila kumwambia mpangaji ni ipi, na utajua nani anaona minyoo kila mahali. Na liwepo fungu la "haijulikani" lisilo na aibu. Orodha ya vinara inayohesabu matukio huwafanya watu waliogope fungu hilo, na huwafundisha kuzipasha simu zao joto bila kukusudia. Tungependa ifutwe.

Wapo wanaotaka kwenda mbele zaidi, watafute miale inayozipiga simu mbili kwa wakati mmoja, moja Ubungo na nyingine Temeke, kama dalili ya manyunyu makubwa, yaani chembe nyingi zinazozaliwa pamoja na mwale mmoja. Hamu hiyo ni nzuri na ina historia barani Afrika: mwanafizikia Bruno Rossi alipokuwa Asmara, Eritrea, mwaka 1933 aliona vihesabio vya chembe vilivyotengana vikilia pamoja kuliko bahati ilivyoruhusu. Neno muhimu ni bahati. Simu mbili zenye matukio 16 kwa saa, ukikubali tofauti ya sekunde moja, matukio yake yatagongana kiwakati kwa bahati tu mara tatu kila siku. Simu 20 zina jozi 190, na jozi hizo zitatoa migongano zaidi ya 600 kwa siku bila nyunyu hata moja. Saa za simu nazo hupishana. Mpaka muda ubanwe hadi sehemu ndogo ya sekunde na kelele ziondolewe, orodha ya migongano haina maana, hata ikichorwa kwenye ramani ya jiji ikapendeza.

Tunaloona linafaa zaidi ni jaribio la mahali patatu, kwa simu zilezile na mkao uleule. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kila kundi la alama lina kamba yake. Alfa za ndani ya kamera zitabaki palepale popote simu iendapo. Gama zinategemea ardhi na kuta: kilo moja ya udongo, kwa wastani wa dunia, ina beckereli 400 hivi (beckereli ni atomu moja kuvunjika kwa sekunde) za potasiamu-40, ilhali lita ya maji ya bahari ina 12 hivi. Na myuoni huongezeka kadiri mtu anavyopanda. Njia hiyo ni ya tangu mwanzo wa fani yenyewe. Mwanafizikia Domenico Pacini alishusha kipimo chake baharini Livorno, Italia, mwaka 1911, na mwenzake wa Austria, Victor Hess, akapaa kwa puto hadi mita 5,300 hivi mwaka 1912. Kila mmoja alijibu swali la mionzi inatoka wapi kwa kubadilisha mahali.

Mahali pa kwanza ni chumbani, ghorofa ya chini, ukutani pa tofali za saruji. Pa pili ni mashua ya mbao nje ya Kigamboni, imetia nanga penye angalau mita tatu za maji wakati wa kupwa, mbali na ufuko kwa mita mia kadhaa. Mita moja tu ya maji hubakiza sehemu ndogo sana ya gama za chini. Simu ziwe ndani ya kopo lisilopitisha maji pamoja na vifuko vya silika jeli, zimefungwa kwenye ubao ili zilale. Chombo kitayumba, na pembe zitachanganyika kidogo, kwa hiyo mistari ihesabiwe kwa idadi, urefu wake usitumike. Pa tatu ni Lushoto, mita 1,400 hivi juu ya bahari. Usiku wa mvua za masika uandikwe kando, kwa kuwa mvua hushusha mabaki ya radoni (gesi yenye mionzi itokayo ardhini) kutoka hewani na gama huongezeka kwa saa moja au mbili kabla ya kurudi chini.

Usiku mmoja hautoshi. Kuiona kwa uhakika tofauti ya asilimia 20 kati ya mahali pawili kunahitaji matukio 450 hivi kila mahali. Kama simu inatoa mistari kumi safi kwa usiku, hiyo ni usiku 45 kwa mtu mmoja, au usiku tano kwa kikundi chenye simu tisa za aina moja. Simu za aina moja zilizotumika zinapatikana Kariakoo, na kioo kilichopasuka si tatizo mradi kamera na betri ni nzima. Anayetaka kuona mabadiliko ya mchana na usiku kwa matukio 100 asisumbuke: kosa la hesabu pekee ni asilimia 10, na mgandamizo wa hewa hauzigusi myuoni kwa kiasi hicho.

Mistari ikiongezeka Lushoto na kubaki ilivyo baharini, jina la myuoni litakuwa limepatikana kwa haki, kwa kundi zima kwa pamoja. Minyoo ikipungua waziwazi ndani ya mashua, nayo imejitambulisha. Minyoo isipopungua, basi inatoka ndani ya simu yenyewe, iwe ni uchafu wa mionzi kwenye kihisi au kelele, na picha zake zote, pamoja na zile zilizokwisha kupewa pointi, zirudishwe kwenye fungu la "haijulikani" hadi kamera ile ifunguliwe.